Somo la Kuingia Kwenye Hoja

Chuo chetu kiko Ukunda, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mabati na misumari. Kinaitwa Chuo cha Ukarimu na Utalii cha Upeo Mpya, na jina hilo limeandikwa ukutani kwa herufi kubwa kuliko madirisha. Hapo ndipo tulipofundishwa kuzungumza. Mtu angeweza kudhani kwamba sisi watu wa Bodo, Waa na Msambweni tulikuwa tunazungumza tangu utotoni, tunaelewana, tunaozeshana, tunagombana na kupatana. La hasha. Kumbe miaka yote hiyo tulikuwa tunapiga kelele tu, mpaka alipokuja Mwalimu Japheth Muange na somo lake la Mawasiliano ya Kiingereza.

Mwalimu Muange alitoka Makueni kwa njia ya Nairobi. Alikuwa kijana bado, mrefu, msafi, mwenye tai. Tai hiyo aliivaa Ukunda, mwezi wa pili, joto likitushukia kutoka kwenye paa, na hakuilegeza hata siku moja. Nadhani aliamini kwamba akiilegeza kidogo tu, Kiingereza chote kitamwagika sakafuni.

Somo lake lilikuwa na sheria moja kuu: ingia kwenye hoja. Mgeni wa hotelini, alisema, hana muda. Mgeni hakuja Diani kuulizwa shangazi yake ameamkaje. Mtazame machoni. Sema jambo lako kwa sentensi moja, omba radhi kwa sentensi ya pili, mweleze utakalomfanyia kwa sentensi ya tatu, kisha nyamaza. Hayo mengine yote ni kupoteza muda, na ndiyo sababu Pwani haiendelei. Alituambia hivyo sisi watu wa Pwani, akitutazama machoni, kwa sentensi moja. Radhi hakuomba, labda sentensi ya pili aliisahau.

Siku ya kwanza nilikutana naye ngazini nikamwambia, "Shikamoo, mwalimu," kama nilivyolelewa. Akasimama, akanitazama kwa huruma, kisha akaniambia kwa Kiingereza kwamba hapa chuoni tunasema habari za asubuhi, tunaendelea na safari. Naye akaendelea na safari. Nikabaki nimeshika ukuta na shikamoo yangu haijaitikiwa. Kwetu mtu mzima akikunyima marahaba unajiuliza umemkosea nini. Nilijiuliza mpaka mchana, na hata viazi karai vya pale chini sikuvila kwa hamu.

Mimi ni Twaiba, na nasomea mapokezi. Hoteli moja ya Diani ilikuwa imekubali kunichukua kwa mafunzo ya kazini, si jikoni, si kwenye mashuka, bali kwenye kaunta ya mbele kabisa, pale mgeni anapoingia. Sharti lilikuwa moja: nifaulu Mawasiliano. Bila kufaulu hakuna hoteli, na bila hoteli hakuna cheti. Mama yangu, Bi Mishi, alikuwa ameshatangaza Bodo nzima kwamba binti yake atakuwa wa kwanza kuonwa na kila Mzungu atakayeingia hoteli ile, na watu walikuwa wameshaanza kuniomba kazi kwa ajili ya wajukuu zao. Fundi Alfani wa Msambweni alikuwa ameshanishonea sketi nyeusi. Ilitundikwa msumarini chumbani kwetu, na kila nikirudi nyumbani mwisho wa juma nilikuta mama ameipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

Kwa hiyo niliingia mtihani wa kwanza nikiwa na sketi hiyo kichwani.

Ulikuwa mtihani wa kuzungumza, mbele ya darasa zima. Mwalimu Muange aliketi kwenye kiti cha plastiki akasema yeye ni mgeni kutoka Ujerumani, ametua asubuhi, lakini begi lake halikufika. Mimi ndiye mapokezi. Nimpe habari.

Kiingereza nilikijua. Hilo liwekwe wazi, maana watu wakisikia mtu ameanguka somo la Kiingereza hudhani hakijui. Nilimkaribisha. Nikamuuliza safari yake ilikuwaje. Nikamuuliza kama aliowaacha nyumbani ni wazima. Nikampa pole ya joto. Mjerumani wangu akaanza kutikisa goti. Nikamwambia aketi, nikakumbuka ameshaketi, nikamwambia basi aketi vizuri. Hapo uvumilivu ukamwishia.

"Binti," akasema, "begi langu liko wapi?"

Nami, kwa Kiingereza safi kabisa, nikamjibu, "Begi lako liko salama, bwana, ila haijulikani liko wapi."

Darasa liliangua kicheko mpaka wauza mabati wakatoka nje kutazama juu. Mwalimu Muange hakucheka. Alivua miwani akaifuta na tai, kazi pekee niliyowahi kuiona tai ile ikifanya.

"Twaiba," akasema, "kama ningekuwa naungua moto, ungeniuliza kwanza kama nimelala salama?"

Nilifikiri. Ukweli ni kwamba ningemuuliza, ila haraka haraka. Sikumjibu hivyo. Alama alizonipa sitazitaja, maana zilikuwa chache kiasi kwamba kuzitaja ni kuzikuza.

Sasa nieleze, kwa faida ya Wajerumani na watu wa Makueni. Kwetu habari mbaya haiingii nyumbani bila kupiga hodi. Mjumbe akija anaulizwa, kwema? Naye anajibu, kwema, hata kama nguo zake zinanuka moshi. Kisha anawataja walio wazima. Mjomba wangu Mbwana alipounguliwa na nyumba, aliyetumwa kutuarifu alikaa kitako, akapewa maji, akasema kwema. Mjomba ni mzima. Mkewe ni mzima. Watoto ni wazima. Mbuzi ni wazima. Alipofika kwenye kuku bila kuigusa nyumba, mama alikuwa ameshasimama anatafuta leso ya kutokea. Hakuna aliyedanganywa pale. Sisi husikiliza kile kisichotajwa, na mtu hupata nafasi ya kuiendea habari kwa miguu yake mwenyewe kabla haijamrukia.

Haya nilijaribu kumweleza Mwalimu Muange baada ya mtihani. Akaniambia nimeeleza vizuri, ila ningeweza kueleza kwa maneno machache zaidi.

Akanipangia mtihani wa marudio. Hoteli ilikubali kungoja mpaka mwisho wa mwezi. Mama nilimwambia kwamba mtihani ulikwenda vizuri, watahini wazima, darasa zima, kalamu nzima. Akanitazama kidogo, akaenda kuipangusa tena ile sketi.

Katika majuma hayo ya kungoja, Mwalimu Muange alitupa somo ambalo hakuwa amelipanga. Alikuwa anatufundisha namna ya kumkatiza mteja anayezungumza sana kwenye simu bila kumvunjia heshima, simu yake ikalia. Akaitazama, akatabasamu, akasema tuna bahati, mfano umejileta wenyewe. Alikuwa mama yake, kutoka Makueni. Akaiweka simu mezani, sauti juu, ili sote tusikie.

Mama alizungumza Kikamba. Karibu yangu alikuwa amekaa Mwendwa, mwakilishi wa darasa, mwana wa walowezi wa Kikamba wa Shimba Hills, ambaye ndiye aliyekuwa kipenzi cha somo lile. Sentensi tatu za mwalimu alizijua kama sala. Mwendwa akawa ananitafsiria kwa kunong'ona. Mama anauliza kama amelala vizuri. Mama anauliza kama amekula. Mama anauliza kama huku kwetu mvua imenyesha, kwao bado. Yule ng'ombe wa mabaka amezaa. Jirani anamsalimu. Anauliza tena kama amekula.

"Mama," mwalimu akasema, akitukonyeza, "hoja ni nini?"

 Kisha mama akasema maneno machache tu, mwalimu akamwambia atampigia, akakata.

"Mmeona?" akatuuliza. "Maneno yote yale, na habari ndani yake hakuna."

Darasa likacheka kwa adabu, kwa sababu alama zilikuwa mkononi mwake. Nikamuuliza Mwendwa yale maneno ya mwisho yalikuwa yapi.

"Amesema hana hoja," Mwendwa akaninong'oneza. "Alikuwa anamsalimia tu."

Mwendwa mwenyewe hakucheka. Nami nikaudhika. Niliudhika na mwalimu, nikaudhika na tai yake, nikaudhika na mimi niliyekuwa nikihitaji alama kutoka kwa mtu wa namna ile.

Siku ya marudio ikafika. Swali lilikuwa limebandikwa ubaoni tangu jana yake ili tusije tukasema tumeviziwa: mgeni wako amefiwa nyumbani kwao, familia imepiga simu hotelini, wewe ndiye wa kumpa habari. Mwalimu atakuwa mgeni. Watahiniwa wataingia chumbani mmoja mmoja. Simu zote, pamoja na yake, zizimwe na kuwekwa kwenye kapu la ofisini, kwa Bi Mwanaima karani. Sheria hiyo aliitunga mwenyewe, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka simu yake kapuni, ili tuone mfano.

Tuliokuwa tunarudia tulikuwa wachache, na wenzangu walikwisha kuingia na kutoka. Nimekaa kwenye benchi la ukumbini, mdomo unatembea peke yake. Bwana, nasikitika kukuarifu. Bwana, pokea rambirambi za hoteli. Bwana, tutakuandalia usafiri. Nilikuwa nimeamua. Nitamtazama machoni, nitaingia kwenye hoja, nitatoka na sketi yangu. Kama ni lazima nimuue mtu wa watu kwa sentensi moja ndiyo nikae kaunta ya mbele, basi marehemu anisamehe, kwanza ni wa kubuni.

Hapo simu ya ofisini ikalia. Mlango ulikuwa wazi, nikamsikia Bi Mwanaima akiitikia kwa sauti yake ile ya kila siku. Kisha sauti ikashuka.

"Innalillahi," akasema. Kisha, "Nawe ndiye nani, mwanangu? Kavata? Dadaye? Pole, Kavata. Pole, mama. Na baba hajambo? Na huyo nduguyo Musau? Na watoto?" Aliuliza hivyo muda mrefu, na upande wa pili ulikuwa unamjibu, nadhani kwa kilio.

Alipotua simu alikuwa ameshika mdomo kwa leso, akatusimulia yote aliyoambiwa. Mama yake Mwalimu Muange alikuwa ameamka vizuri, amekunywa uji, amekwenda kumtazama yule ng'ombe, akaangukia hapo hapo zizini. Familia ilikuwa inampigia mwalimu tangu asubuhi, simu iko kapuni, imezimwa.

Msajili wetu, Bwana Mwero, akatoka chumbani kwake. Ni mtu wa Kombani, mpole, mwenye kupenda amani kupita kiasi.

"Nani atamwambia?" akauliza, akimtazama Bi Mwanaima.

"Mimi siwezi, Bwana Mwero. Wallahi siwezi. Nikimtazama tu n'talia."

"Mimi pia," Bwana Mwero akasema, "ni msajili." Alisema hivyo kama mtu aliyetoa sababu. Kisha uso ukamng'aa. "Hapa si tuna mtu aliyepata alama za juu kabisa katika jambo hili hili?"

Basi akaitwa Mwendwa. Maskini Mwendwa hakukataa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha kukataa. Alinyoosha kola, akanong'ona sentensi zake tatu, akagonga mlango wa chumba cha mtihani, akaingia. Sisi tukabaki nje tumetega masikio. Tulimsikia vizuri, maana mbao za kile chuo ni nyembamba. Kiingereza chake hakikutetemeka. Bwana, nasikitika kukuarifu kwamba mama yako amefariki leo asubuhi. Pokea rambirambi zetu. Gari litaandaliwa likupeleke nyumbani.



Kisha tukasikia makofi.

Mwalimu Muange alikuwa anampigia makofi. "Hivyo ndivyo!" tulimsikia akisema. "Macho yamesimama, sauti imesimama, hoja imeingia moja kwa moja. Lakini wewe ulishafaulu, Mwendwa, usiwapotezee wenzako muda. Niitie Twaiba."

Mwendwa alitoka amekuwa rangi ya majivu. "Nimemwambia," akasema, macho yamemtoka. "Nimemshow kila kitu, buda. Amenipea makofi."

Bi Mwanaima akakaa sakafuni. Bwana Mwero akaangalia dirisha kama mtu anayepima upana wake. Nami ndiye niliyeitwa.

Nilisimama. Katika hatua zile chache mpaka mlangoni niliona jambo lote lilivyo, na lilinitia hasira kuliko woga. Ndani ya chumba kile, neno lolote la Kiingereza lilikuwa mtihani. Ningemwambia kwa sentensi moja, angenipa alama. Ningemwambia nikilia, angenipa alama zaidi kwa kuigiza vizuri. Alikuwa amejijengea nyumba ambayo habari ya mama yake haikuwa na pa kuingilia. Ilikuwa imebaki njia moja, nayo ni ile ile iliyoniangusha mara ya kwanza, na mwisho wa mwezi ulikuwa umefika.

Niliiwaza sketi. Sitasema uongo, niliiwaza. Kisha nikagonga.

"Hodi," nikasema.

Hakuitikia. Alikuwa ameketi nyuma ya meza, kalamu mkononi, uso wa mgeni ameshauvaa. "Ingia, Twaiba. Leo hakuna Ujerumani. Anza."

"Shikamoo, mwalimu."

"Kiingereza."

Nilichukua kiti kilichowekwa mbele ya meza, nikakizungusha, nikakiweka upande wake, karibu naye. Nikaketi. Akanitazama kama mtu aliyekanyagwa.

"Habari za asubuhi, mwalimu?"

"Twaiba, unaanguka mtihani." Akaandika kitu, niliona kabisa akikiandika. "Unaanguka sasa hivi, mimi nikikutazama."

"Umeamka salama?"

"Ingia kwenye hoja!"

"Umekula chochote tangu asubuhi?"

Hapo kalamu ilisimama. Sijui ni kitu gani kilichomgusa, labda ni kwa sababu swali hilo alikuwa amelisikia mahali, akiulizwa mara mbili kwenye simu moja. Alinigeukia. Nami sikumtazama machoni. Nilitazama mikono yangu, kama nilivyolelewa.

"Twaiba," akasema kwa sauti ya chini, na bado ilikuwa ya Kiingereza, "hii ni sehemu ya mtihani?"

"Weka kalamu chini, mwalimu wangu. Hatuna haraka."

Akaiweka. Kwenye duka la chini mtu alikuwa anakata bati, yule mtu akamaliza, akaanza bati jingine.  Ndipo nikamsikia Mwalimu Muange kwa mara ya kwanza akizungumza Kiswahili ndani ya jengo lile.

"Kwetu ni kwema?" akaniuliza.

"Kwema, mwalimu," nikamjibu. "Kwema."

 Tai ikapanda na kushuka kooni mwake.

"Dada yako Kavata amepiga simu ofisini," nikasema. "Yeye ni mzima. Yuko nyumbani, majirani wako pamoja naye. Ndugu yako Musau ni mzima, amefika sasa hivi. Watoto wake ni wazima, wako kwa jirani. Baba yako ni mzima, mwalimu. Amekaa na wazee. Anakuulizia wewe."

Nikanyamaza.  Nilimwona akiwahesabu, akirudi nyuma, akianza tena na Kavata, akipita kwa Musau, akifika kwa baba. Hakuna mtu aliyemharakisha.

"Hujamtaja mama," akasema.

"Sijamtaja, mwalimu."

"Na Mwendwa..." akasema, akautazama mlango. "Mwendwa alipoingia..."

"Ndiyo, mwalimu."

Aliukodolea mlango kama anayeyaona pale mazishi yote ya nyumba yao, na ile mikono iliyopiga makofi ikabaki mezani kama si yake. Hakulia mara moja. Alilegeza tai kwanza. Akaivuta polepole mpaka ikatoka kabisa, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya karatasi za alama. Kisha akalia, na mimi nikalia naye, na kile kiti changu kilikuwa karibu kiasi cha kutosha kumshika bega. Bi Mwanaima akaingia na glasi ya maji. Bwana Mwero akaingia nyuma yake na kusimama ukutani. Mwendwa alibaki mlangoni, akiomba radhi kwa Kikamba, na nilielewa kila neno bila kutafsiriwa.

Waliondoka naye mchana, Mwendwa na Bwana Mwero, mpaka Makueni. Kabla hajaingia garini, mwalimu alinigeukia. Nilidhani atanishukuru, nikajiandaa kusema si kitu.

"Juzi nilimwambia nitampigia," akasema. Akaingia garini.

Ungedhani baada ya hayo chuo kingenipa alama zangu kwa shukrani. Hujui vyuo. Bwana Mwero aliporudi kutoka matangani alinieleza kwa upole wake wote kwamba anasikitika, kwamba karatasi yangu imekutwa na sifuri iliyoandikwa na mtahini mwenyewe, na kwamba katika mazungumzo yale, ambayo yeye binafsi yalimtoa machozi, hakukuwa na hata neno moja la Kiingereza. Nilimwambia ameeleza vizuri sana, ameingia kwenye hoja moja kwa moja. Akanishukuru.

Hoteli ilinipa juma moja zaidi, la mwisho. Mama alipouliza, sikumtajia wazima. Nilimwambia tu, naye akasema mtu akifiwa hatafutiwi sentensi, nikale.

Mwalimu Muange alirudi mwanzoni mwa juma hilo. Amekonda, shati limefungwa vizuri, tai hana. Hakusema lolote darasani kuhusu msiba. Alitangaza tu kwamba Twaiba atarudia mtihani, swali ni lile la kwanza, begi la Mjerumani. Nilimshukuru kimoyomoyo kwa kutoniletea maiti nyingine.

Safari hii nilikuwa nimejiandaa kama askari. Mwendwa alinifanyisha mazoezi kila jioni, kwa namna ya mtu anayelipa deni lisilolipika, mpaka sentensi zile tatu zikawa zinatoka zenyewe hata nikipiga chafya. Nikaingia. Sikupiga hodi. Nikasimama wima mbele ya meza, nikamtazama machoni, nikavuta pumzi.

"Bwana," nikasema kwa Kiingereza, "nasikitika kukuarifu kwamba begi lako..."

Akainua mkono. Nikanyamaza. Nikadhani nimeshaharibu tena, nikaiona sketi ikishuka msumarini na kugawiwa binti mwingine.

Mwalimu Muange aliweka kalamu chini. Akainuka, akakizungusha kiti kilichokuwa mbele ya meza, akakiweka upande wake.

"Twaiba," akasema, "hujanisalimia."

Nilishindwa kumtazama machoni. "Shikamoo, mwalimu," nikasema.

"Marahaba." Akaningoja niketi. "Bodo hawajambo?"

"Hawajambo. Kwema."

Akainama kidogo, sikio limetegwa, kama mtu anayesubiri kusikia nani hatatajwa. Basi nikaanza kumtajia, mama, mjomba Mbwana na mkewe, watoto, mbuzi, mmoja mmoja bila haraka, na sikumruka mtu.